Ngano, samadi na bakteria: shajara ya vipande 15, Karatu

13 Januari 2024. Kupima na kupiga mambo (vigingi)

Ekari hii ni ya urithi. Iko upande wa Mbulumbulu, Karatu, chini kidogo ya msitu wa Ngorongoro. Imelimwa ngano tangu enzi za skimu ya makazi ya Upper Kitete, miaka ya 1960, ngano juu ya ngano, na kila mwaka mabua yakichomwa au yakiishia kwa ng'ombe. Marehemu baba alikuwa akivuna magunia tisa. Mwaka jana mimi nilipata matano, na DAP (mbolea ya dukani ya kupandia) niliweka.

Ninachotaka kujua ni hiki: nikipunguza mbolea ya dukani nusu, samadi ikashika nafasi iliyoachwa, kisha nikaongeza bakteria wa dukani, wanaosifiwa siku hizi kwa kusaidia mazao kupata chakula, ngano itatoa nini, na mfukoni kitabaki nini? Naandika ili mwenye shamba kama langu aweze kurudia, au angalau asirudie makosa yangu. Nitaongeza habari kila hatua inapokamilika.

Nimepima vipande 15, kila kimoja mita 5 kwa 10, yaani mita za mraba 50. Ukizidisha kwa 81 unapata ekari, namba ambayo nimeiandika kwa kalamu ya marka kwenye mlango wa stoo. Kuna aina tano za vipande:

A: hakuna kitu.
B: mbolea ya dukani kamili, DAP mfuko mmoja kwa ekari ya kupandia na urea mfuko mmoja ya kukuzia. Kwa kipande inakuwa gramu 620 za kila moja.
C: samadi peke yake, tani 4 kwa ekari, kilo 50 kwa kipande.
D: nusu ya B na nusu ya C.
E: kama D, pamoja na bakteria.

Kila aina inarudiwa mara tatu: safu ya juu, ya kati na ya chini. Shamba lina mteremko, na kule juu udongo ni mwembamba hadi jembe linagonga mawe. Ningeweka kila aina mahali pamoja, ningekuwa napima mteremko tu. Nani akae wapi ndani ya safu tumeamua kwa bahati nasibu, vikaratasi ndani ya kofia, mtoto wa dada yangu akichomoa.

Kamba na mambo: shilingi 8,000.

27 Januari 2024. Udongo

Nimechota udongo sehemu 12, kina cha sentimita 20, nikachanganya kwenye ndoo na kupeleka maabara Arusha. 45,000. Majibu: pH (kipimo cha tindikali ya udongo) 6.4, naitrojeni kidogo, fosforasi kidogo.

Hiyo 6.4 imenivunja moyo upande mmoja. Nilikuwa nimepanga kutumia unga wa fosfeti wa Minjingu badala ya DAP, maana mgodi ni jirani zetu kabisa, ng'ambo tu ya Ziwa Manyara. Lakini unga wa mwamba unahitaji tindikali ya udongo ili uyeyuke. Kwenye udongo wenye pH 5 unafanya kazi vizuri, kwenye 6.4 unaweza kukaa ardhini msimu mzima kama kokoto. Kwa sasa nabaki na DAP.

10 Februari 2024. Elfu 12 zimekwenda

Duka la pembejeo la kwanza nililoingia, muuzaji alinipa pakiti. "Hii inaleta naitrojeni toka hewani kaka, weka kwenye zao lolote." Nikalipa, nikapanda bodaboda. Nyumbani ndipo nikasoma maandishi madogo: maharage.

Kosa ni langu, sikusoma. Bakteria wa maharage, ukoo wa rizobia, huingia kwenye mzizi wa jamii ya mikunde na mmea ukawajengea vinundu. Humo ndani ndimo wanamogeuza naitrojeni ya hewa. Ngano haijengi vinundu. Ukiipaka rizobia ni kama kumpeleka fundi kwenye kiwanja kisicho na nyumba.

Bakteria wanaozungumzwa kwenye ngano ni wengine: Azotobacter, anayeishi huru kwenye udongo, Azospirillum, anayekaa kando ya mizizi ya nafaka na nyasi, na baadhi ya Bacillus wanaotoa tindikali hafifu ya kuyeyusha fosforasi iliyofungwa. Azospirillum alipewa uzito na mwanasayansi Johanna Döbereiner huko Brazil miaka ya 1970, na leo wakulima wa Brazil wanamtumia kwenye mahindi na ngano kwa eneo kubwa. Nilichokuwa sijui ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haiko kwenye naitrojeni. Anatoa homoni inayoufanya mzizi utoe matawi na vinyweleo vingi zaidi, na mzizi mwingi unanywa na kula zaidi. Kwa hiyo mwenye udongo usio na chakula hapati kitu, hata mizizi iwe mingi kama ndevu.

Nimeagiza chupa ya lita moja ya kimiminika yenye Azotobacter, Azospirillum na Bacillus. 35,000, na 5,000 za basi. Pakiti ya maharage nimeipaka kwenye mbegu za maharage, mistari miwili pembeni ya shamba, isioze bure.

24 Februari 2024. Samadi

Samadi nimepewa na baba mdogo, ana ng'ombe sita wa ndani. Wazee wetu wa Kiiraqw kule Kainam walikuwa wakilaza ng'ombe ndani na kubeba samadi mashambani kabla mtu yeyote hajawaletea semina, kwa hiyo hapa sikuwa na la kumfundisha. Mkokoteni wa punda, safari tatu, 24,000.

Alisimama akiangalia ile chupa. "Mwanangu, hivyo vidudu vyako vinakula nini?"

Nikamwambia vinaishi udongoni, baba.

"Nimeuliza vinakula nini."

Nikacheka, nikabadilisha mada. Naandika hapa kwa sababu nitakuja kulirudia swali hilo.

16 Machi 2024. Kupanda

Plau, haro, mistari kwa kamba, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Mbegu ni ngano ya aina ya Juhudi, gramu 620 kwa kipande. Nilinunua kilo 20 kwa 50,000, nyingine imekwenda sehemu iliyobaki ya shamba. Vibarua wanne, 28,000 jumla.

Kwa vipande vya E nilimwaga mbegu kwenye beseni, nikanyunyiza bakteria waliochanganywa na maji yenye sukari kidogo ili washike, nikageuza kwa mkono hadi kila punje ikang'aa. Mikono ilitoka na rangi ya waridi. Nikaiosha, nikaendelea.

23 Machi 2024. Ile rangi ya waridi

Bwana shamba amepita. Ameangalia beseni lililobaki na doa. Akauliza mbegu ilikuwa imepakwa dawa?

Ilikuwa imepakwa. Ile rangi ndiyo alama ya mbegu iliyotibiwa dhidi ya fangasi na wadudu. Nimewalaza bakteria hai juu ya dawa iliyotengenezwa kuua viumbe wadogo. Si kila dawa ya mbegu inaua kila bakteria, lakini sikuuliza, sikusoma, na maji niliyotumia yalikuwa ya bomba, ya klorini. Juu ya hayo chupa ilikuwa imeshinda siku nzima ndani ya buti la basi, Februari, ikapitia joto la Mto wa Mbu.

Sasa kipande E ni D chenye harufu ya sukari. Nimeamua kutokigusa. Kitanipa kipimo cha kitu kingine: wakulima wangapi wametumia bakteria namna hii hii, kisha wakasema "haifanyi kazi"?

9 Aprili 2024. C imekuwa njano

Siku ya 24. B imekolea kijani. A imedumaa lakini kijani chake ni cha kawaida. C, yenye samadi kamili, ni ya njano kuliko hata A, majani ya chini yakianzia ncha. D na E zina njano hafifu.

Nilichimba. Samadi ilikuwa bado ina vipande vya mabua ya mahindi virefu kama kidole na maranda ya mbao, vyote vikiwa vigumu. Baba mdogo huwatandikia ng'ombe maranda toka kwa seremala, na mimi nilichota upande wa juu wa rundo, uliokuwa mpya.

Hapa ndipo swali la mzee liliponirudia. Vijidudu vya udongoni vinakula kaboni, na ili vijenge miili yao vinahitaji naitrojeni. Samadi ya ng'ombe safi ina kaboni kama 20 kwa kila naitrojeni moja, hapo mambo yanakwenda. Mabua ya ngano ni karibu 80 kwa moja. Maranda yanapita mia kadhaa. Ukiyafukia mabichi, bakteria wa udongo wanakimbilia naitrojeni yote iliyopo, wanaificha mwilini mwao, na ngano inakaa mezani bila sahani. Wakishafa itarudi, ila msimu utakuwa umekwisha.

Dawa ya haraka ni urea, lakini C kwa kanuni zangu haipati urea. Niliumia kuiangalia, sikuigusa. D na E nilizipa urea yao ya nusu siku nne kabla ya tarehe niliyopanga, na B nayo siku hiyo hiyo ili zisitofautiane.

5 Mei 2024. Mvua, kisha nyati

Masika ya mwaka huu kila mtu anayajua. Urea niliyoweka kwa mkupuo mmoja ilinyeshewa wiki mbili mfululizo. Naitrojeni ikishageuka kuwa naitreti haishikwi na udongo, inashuka na maji. B imepoteza ule ukijani wake wa majigambo. Mwakani naigawa mara mbili.

Usiku wa kuamkia leo nyati wameshuka toka msituni. Wamekula kipande cha D cha safu ya juu na kulala pembeni yake. Ziko alama za matumbo yao kwenye tope. D imebaki na vipande viwili.

Habari njema moja: yale maharage ya pembeni. Nimeng'oa mche, nikapasua kinundu kwa ukucha, ndani ni chekundu cha nyama mbichi. Hiyo ndiyo rangi ya bakteria walio kazini. Kingekuwa kijani au kijivu, hakuna kitu. Pakiti ya 12,000 ilikuwa nzima, ila ilikosewa njia.

11 Agosti 2024. Mavuno ya kwanza

Tumekata kwa mundu, tumepura kwa fimbo juu ya turubai la kuazima, tumepepeta, nimepima kwa mizani ya kuning'iniza (25,000). Wastani kwa kipande:

A kilo 4.3
B kilo 10.3
C kilo 5.9
D kilo 9.2, vipande viwili tu
E kilo 8.8

Bakteria waliokufa hawakuongeza kitu, kama inavyostahili. E iko chini ya D kidogo, lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya safu na safu, siipi maana. Samadi mbichi imeshindwa waziwazi.

Jumla ya nilichotoa msimu huu, pamoja na DAP na urea mfuko mmoja mmoja wa ruzuku (70,000 kila mmoja, sehemu kubwa ilikwenda kwenye mahindi): 372,000. Kwa mavuno ya kilo 110 hivi toka vipande vyote. Mke wangu aliuliza kama hiki bado ninakiita kilimo.

7 Septemba 2024. Rundo

Msimu wa pili unaanzia kwenye samadi, siyo kwenye chupa. Mimi nilianza na kilicho rahisi kununua.

Huwa tunasikia samadi peke yake inatosha, na mfano unaotolewa ni shamba la Broadbalk kule Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imejaribiwa tangu 1843 na kipande cha samadi kimeshindana na vya mbolea ya chumvichumvi kwa zaidi ya karne. Ni kweli. Lakini kipande kile hupewa tani 35 kwa hekta kila mwaka, yaani tani 14 kwa ekari. Ng'ombe sita wa baba mdogo hawafiki huko wakijitahidi namna gani. Ndiyo maana nang'ang'ania D na E: nusu kwa nusu ndicho kiasi ambacho zizi la kawaida linaweza kulisha.

Nimepanga samadi kama kilo 400 na mabua ya ngano yaliyokatwa kwa panga kilo 200, tabaka kwa tabaka, kimo cha kifua. Maranda nimeyakataa. Kwenye matabaka nimenyunyiza kilo 20 za unga wa Minjingu, nikitegemea tindikali zinazotoka rundo linapooza zianze kuuyeyusha kabla haujafika kwenye ule udongo wangu wa 6.4.

21 Septemba 2024. Rundo baridi

Kipimo changu ni panga. Nalichomeka hadi katikati, nasubiri dakika tano, nalichomoa na kushika bapa. Siku ya 14: baridi kama lililotoka stoo. Nimefukua, ndani ni pakavu, mabua yanavunjika kwa mlio. Niliogopa kulilowesha sana nikalinyima maji kabisa, tena kiangazi.

Nimelipangua lote na kulipanga upya, ndoo 14 za maji, na tandiko la zizini lililolowa mkojo wa ng'ombe. Kipimo cha unyevu: finya konzi, itoke tone moja au mawili, isichuruzike.

26 Septemba 2024. Panga halishikiki. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Shayiri mwitu iliyotusumbua mwaka huu ilitoka humohumo kwenye samadi mbichi, nina hakika, maana ilijipanga kwenye mistari ya C.

17 Novemba 2024. Yai bovu

Vuli imeanza nikiwa safarini. Rundo lilikuwa wazi. Nimerudi siku ya tisa, harufu ya yai bovu inafika barabarani: maji yamejaa, hewa imeisha, wameingia bakteria wa aina nyingine kabisa. Nimenunua turubai langu mwenyewe, 30,000, nimeligeuza rundo mara mbili kwa wiki. Harufu iliisha siku ya kumi. Naitrojeni iliyopotea humo sijui kuipima, ila haikuwa sifuri.

Kingine, na hiki ni kosa la kichwa: Minjingu niliitia kwenye rundo lote. Mwakani C, D na E zikifanya vizuri kuliko mwaka huu, sitaweza kusema ni mboji iliyoiva au ni fosforasi ya nyongeza. Ilitakiwa rundo dogo la pembeni. Nimelichafua jaribio langu mwenyewe. Linganisho la D na E tu ndilo limebaki safi, kwa kuwa zote mbili zinakula mboji ileile.

22 Februari 2025. Visosi vitatu

Kabla ya kuamini chupa mpya (35,000 tena) nimetaka kujua kama kilichomo kina uhai. Njia ni ya zamani, hata jikoni inawezekana.

Nimechekecha udongo, nikauweka kwenye sufuria juu ya mvuke saa nzima ili wenyeji wake wapungue. Ulipopoa nikachanganya kijiko cha wanga wa mihogo, ambao ni chakula cha kaboni bila naitrojeni ya maana, na chokaa ya kilimo ncha ya kijiko. Nikalowesha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi ukawa kama udongo wa kufinyanga. Nikajaza visosi vitatu na kulainisha juu kwa mgongo wa kijiko. Cha kwanza sikuweka kitu, cha pili matone ya chupa ya mwaka jana iliyobaki stoo, cha tatu matone ya chupa mpya. Vikafunikwa na kukaa karibu na jiko la mkaa.

Mantiki yake ni fupi: penye wanga tele na naitrojeni haba, anayestawi ni yule anayejichotea naitrojeni hewani.

Siku ya nne, kisosi cha tatu kilikuwa na vidoto vya ute kumi na kitu, vimevimba, vinang'aa kama ute wa yai uliodondoka. Siku ya sita baadhi vilianza kugeuka kahawia, na hiyo ni tabia ya Azotobacter. Cha pili kilikuwa na vidoto vitatu. Cha kwanza, ukungu mweupe ukingoni na basi. Si maabara, na Azospirillum sikumwona kwa njia hii, lakini nimepata jibu ambalo lebo ya chupa haikunipa. Safari hii chupa ililetwa na mtu, ndani ya kikapu chenye majani mabichi ya mgomba.

8 Machi 2025. Kuwalisha kwanza

Bakteria hawapakwi kwenye mbegu tena. Nimechukua mboji iliyoiva na kuchekechwa, kilo 15, nikanyunyizia mililita 20 za chupa kwenye maji ya mvua yenye molasi kidogo, nikafunika kwa gunia bichi chini ya mwembe. Watakaa humo siku saba wakila na kuzaana. Mbegu nimechukua isiyopakwa dawa kwa vipande vyote 15, ili wote wawe sawa.

D nayo imepewa kilo 15 za mboji iliyowekewa molasi na maji bila bakteria. Nisipofanya hivyo, mtu ataniuliza kama E ilishinda kwa bakteria au kwa molasi, na atakuwa na haki.

15 Machi 2025. Kupanda tena

Vipande vilevile, aina zilezile. Jipya ni moja: DAP imekwenda mfereji wake, udongo vidole vitatu juu yake, kisha mboji yenye bakteria, kisha mbegu. DAP ikigusa bakteria moja kwa moja, chumvi yake inawanyonya maji hadi wanakauka.

6 Aprili 2025. Soksi za udongo

Siku ya 22. Hakuna njano popote. C ni kijani, imepauka kidogo tu.

Nimeng'oa miche mitano D na mitano E kila safu kwa koleo, nimeikung'uta mara tatu kila mmoja na kuilaza kwenye gunia. Mizizi ya E imetoka na udongo umeishika kama soksi, mnene, haudondoki. Ukiuosha chini yake kuna vinyweleo vingi mithili ya manyoya ya kifaranga. D nayo ina soksi, nyembamba zaidi, zinapasuka ukikung'uta mara ya pili. Juu ya ardhi huwezi kuzitofautisha. Baba mdogo aliishika miwili, mmoja kila mkono, akainusa, akasema "huu umeshiba," akanirudishia wa E. Sikuwa nimemwambia upi ni upi. Mche mmoja si ushahidi, ila nimeuandika.

Urea nusu leo, nusu nyingine wiki tatu baadaye, kabla shina halijaanza kurefuka.

Mei na Juni 2025. Palizi mara moja. Ugonjwa wa kutu ya manjano umeonekana safu ya chini, nimepulizia dawa vipande vyote mara moja, 18,000. Nyati hawakuja; tulikuwa tukilinda kwa zamu na kupiga madebe. Ngano ya B imelala upande baada ya upepo wa Juni, nyingine zimesimama.

9 Agosti 2025. Mavuno ya pili

A kilo 4.1
B kilo 10.7
C kilo 8.2
D kilo 11.5
E kilo 12.1

Sasa taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu hukimbilia kutangaza ushindi. D kwa safu tatu ilikuwa 11.4, 12.1 na 11.0. E ilikuwa 12.2, 12.6 na 11.5. E imeizidi D katika kila safu, na hilo linanipa matumaini. Lakini wastani wa tofauti ni kilo 0.6, na D yenyewe imepishana kilo 1.1 toka safu hadi safu. Kwa vipande vitatu siwezi kuapa.

Tuseme ni kweli. Kilo 0.6 kwa kipande ni kama kilo 49 kwa ekari. Niliuza kwa 1,000 kilo, ni 49,000. Chupa kwa kipimo chake cha nusu lita kwa ekari ni 17,500. Inabaki faida ya 31,500, kama chupa imefika hai, kama mbegu haina dawa, kama mboji imeiva.

Sasa linganisha D na B. D imetumia nusu ya mbolea ya dukani, ikatoa kilo 0.8 zaidi kwa kipande, sawa na kilo 65 kwa ekari. Nusu mfuko wa DAP na nusu wa urea vilivyookolewa ni 70,000 kwa bei ya ruzuku. Ongeza 65,000 za ngano, ondoa punda na vibarua wa kugeuza rundo. Fedha iko hapo, kwenye lile rundo lililonuka. Na C, bila hata punje ya mbolea ya dukani, imepanda toka 5.9 hadi 8.2, kiasi gani ni kuiva na kiasi gani ni Minjingu, nimeshaeleza kwa nini siwezi kusema.

Gharama za msimu wa pili: mbegu 50,000, bakteria 35,000, turubai 30,000, molasi 6,000, dawa ya kutu 18,000, vibarua 42,000, punda 16,000. Mbolea ilikuwa imebaki ya mwaka jana, niliifunga vizuri. Jumla 197,000.

4 Oktoba 2025. Marundo mawili

Ndiyo, safari hii mawili: moja lina Minjingu, moja halina. Mwakani naongeza vipande sita ili niyatenganishe, na safu ya nne ya D na E. Mistari ya maharage naitanua iwe robo ekari na kuizungusha na ngano, maana ngano iliyopandwa juu ya yale maharage ya pembeni ilikuwa kijani kiza hadi Juni. Sikuipima, nilikuwa sijaiwekea mambo.

Baba mdogo amekuja kuomba chupa iliyobaki aweke kwenye maharage yake. Nikamwambia hiyo ni ya ngano, baba, ya maharage ni pakiti nyingine, na mbegu isiwe ya rangi. Amekaa kimya kidogo. "Basi niandikie kwenye karatasi, nikifika dukani nisije nikadanganywa kama wewe." Nimemwandikia.

Rundo lisilo na Minjingu nimeligeuza jana. Lile jingine ni siku ya sita leo, nimechomoa panga asubuhi na kulitupa chini haraka.